Namba Zilizogongwa Kuanzia Mwisho

Jina la Mzee Pole alibandikwa na watu aliowaibia. Gari lako likipotea ulikwenda dukani kwake, duka la spea lenye kaunta ya mbao na feni inayozunguka kwa kulalamika, kwa sababu mji mzima ulijua yule mzee ana watu wengi na huenda akasikia lolote. Naye alikushika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakamlengalenga, akasema, "Pole sana, ndugu yangu. Pole. Lilikuwa la rangi gani?" Muda huohuo gari lako liko hatua arobaini nyuma ya ukuta, linapakwa rangi nyingine. Kuna bwana mmoja aliibiwa mara tatu, na mara zote tatu alitoka pale anafuta kamasi na kumwombea mzee maisha marefu.

Dua zile zilifika. Mzee aligonga miaka sabini na moja hajalala mahabusu hata siku moja. Duka lilikuwa kwa jina la marehemu mkewe, nyumba kwa jina la shemeji, simu kwa jina la mtu ambaye sina hakika kama aliwahi kuzaliwa.

Asubuhi moja, saa mbili kasorobo, dada yake akaingia dukani.

Walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na tisa. Dada mtu alikuwa na sabini na nne, mwembamba, amenyooka kama ufito. Wauzaji wawili wa kaunta, ambao hata askari akiingia hawanyanyui kichwa, walijikuta wamesimama.

"Shikamoo, dada," akasema Mzee Pole.

"Marahaba. Watoe hawa."

Wakatoka bila kuambiwa mara ya pili. Akabaki Sindano peke yake, msaidizi mkuu wa mzee, ambaye ndiye aliyeendesha karibu mambo yote ya nyuma ya ukuta tangu magoti ya bosi wake yaanze kugoma. Sindano akajifanya anapanga plagi kwenye rafu.

"Saa nne wanamsomea mwanangu hukumu," dada akasema. "Miaka saba, wakili anasema. Sita, kama hakimu kaamka vizuri."

"Nimesikia. Pole sana, da..."

"Usiniambie pole. Mimi sina gari."

Mwanawe alikuwa fundi wa kuchomelea, ana gereji ndogo ya mabati. Miezi minane nyuma polisi walikuta gari la wizi pale kwake. Namba ya chasisi ilikuwa imesagwa na kugongwa nyingine, na kwenye buti kulikuwa na mfuko wa vyuma vya kugongea namba. Alijitetea kwamba mteja kamwachia atengeneze ekzosi tu. Mteja hakuonekana tena, naye akakaa rumande tangu siku hiyo.

"Juzi mkaguzi wa magari alitoa ushahidi," dada akaendelea. "Kasema kila namba ikigongwa, chuma kinasukumwa pembeni, kinavamia namba ya jirani. Akiangalia kwa kioo cha kukuzia anajua ipi ilitangulia. Kasema aliyezigonga zile alianzia ya mwisho akarudi mwanzo. Hakimu akapiga miayo. Wakili wetu anachezea simu. Ni mimi tu mle ndani niliyeshikwa na baridi."

Mzee Pole alikuwa anatazama kaunta.

"Mama alikufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa miaka miwili. Ukajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kusalimia watu kwa kulia. Kwenye nyundo ukatushinda. Ukishika nyundo unarudi kushoto, na kazi yako yote inakwenda kinyume, kama mtu aliye ndani ya kioo."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani? Mama akisimama kumtetea mwanawe, nani atamsikiliza? Huo mkono ni wako, wewe mtoto. Upeleke mwenyewe."

Akatoka. Feni ikaendelea kulalamika. Sindano akaenda mlangoni, akatia komeo, akavuta stuli karibu.

"Mzee, tuongee kikubwa. Huyu mpwa wako bado ana nguvu. Kwa msamaha atakaa miaka minne, atatoka. Mkewe hatalala njaa." Akavuta pumzi. "Watoto tutawasomesha. Siku akitoka anakuta gereji ya kisasa inamsubiri. Sisi ni familia."

Mzee Pole alimsikiliza mpaka mwisho. Maneno yale aliyajua vizuri sana. Aliyatunga yeye, akayasema kwenye sebule za wake sita wa vijana wake waliofungwa, kwa nyakati tofauti, na hata ile pumzi baada ya "hatalala njaa" ilikuwa yake. Siku ile ndiyo mara ya kwanza aliyasikia akiwa amekaa upande wa kuambiwa.

"Kwa nini mlipeleka gari kwake?"

"Ilikuwa ya siku moja tu. Gereji ya mpwa wako, nani angeishuku? Mfuko ukasahaulika kwenye buti. Nilikuambia jioni ileile, mzee, na wewe ukasema tutaona."

Ndivyo alivyosema kweli.

"Fungua mlango."

"Ukienda kule huanguki peke yako. Na jela imejaa watu wetu. Watakupokea."

"Nimesema fungua. Nachelewa."

Sindano akafungua. Msidhani aliogopa. Alikuwa amemwangalia mzee akinywa chai asubuhi ile, nusu kikombe kinywani na nusu kwenye shati, jinsi mikono ilivyokuwa ikimtetemeka. Akajua hakimu atamcheka. Hata hivyo akachukua funguo za gari, akamfuata kwa nyuma.

Walifika saa nne na dakika kumi. Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi yanayochoma suruali kwa misumari na dirisha moja lililogoma kufunguka tangu lijengwe. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine utosini, alikuwa ameshafungua faili. Fundi alisimama kizimbani, shati limempwaya. Mama yake alikaa benchi la mbele na hakugeuka.

"Mheshimiwa," Mzee Pole akasema kutoka mlangoni, "kabla hujasoma. Zile namba nilizigonga mimi."

Watu wakageuka. Mtu mmoja akacheka.

"Wewe ni nani?" hakimu akauliza.

"Mjomba wa mshtakiwa."

Mwendesha mashtaka akainuka huku anatabasamu. "Mheshimiwa, nina miaka kumi na miwili katika kazi hii. Kila siku ya hukumu lazima atokee mjomba. Wiki iliyopita tulikuwa na wawili, wakagombana nje nani ameiba."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata askari wa mlangoni aliinama afunge kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

"Mkaguzi alisema zimegongwa kuanzia mwisho," mzee akasema. "Nipeni vile vyuma nigonge mbele yenu. Na mpwa wangu agonge. Halafu mkaguzi aangalie."

Mkaguzi wa magari alikuwepo, kaja kusaini arudishiwe vielelezo vyake. Aliruka kama aliyekaliwa na siafu. Miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali la pili. "Inawezekana, mheshimiwa! Vipande vya kujaribia ninavyo kwenye gari!" Kabla hajajibiwa alishatoka mbio.

Hakimu akashusha miwani ya utosini, akaiweka juu ya ile ya puani, akamtazama mzee. "Karani, mwandikishe jina. Nawapa dakika kumi."

Mzee akaandika jina lake, akatia saini. Mwendesha mashtaka akadakia papo hapo, "Mheshimiwa ameona? Anaandika kwa kulia!"

"Kuandika nilifundishwa kwa fimbo," mzee akasema. "Nyundo nilijifunza mwenyewe."

Mkaguzi akarudi na nyundo na vipande viwili vya chuma, akavipanga kwenye meza ya karani kando ya vile vyuma vya kugongea. Hakimu akataja namba ovyo: tano, mbili, nane, sifuri, sita, tatu. Fundi akateremshwa, akaanza. Nyundo mkono wa kulia, ta, ta, ta, kutoka mwanzo hadi mwisho, amemaliza, akarudishwa kizimbani.

Ikawa zamu ya mzee. Akachagua chuma cha namba tatu, akakisimamisha upande wa mwisho kwa vidole vya kulia, akachukua nyundo kwa kushoto. Nyundo ikaanza kucheza hewani. Watu wakaacha kucheka. Akagonga. Tatu ikakaa. Akagonga sita, ikakaa. Akasimamisha sifuri, akainua, mkono ukaruka, nyundo ikatua kwenye kidole gumba.

Damu ikatiririka juu ya meza ya karani. Mzee akashika meza.

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka akasema, sasa kwa sauti ya chini, "tumhurumie mzee wa watu. Imetosha."

"Unataka kukaa, mzee?" hakimu akauliza.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Sindano alinyanyua funguo za gari, akazitikisa kidogo.

Na kizimbani fundi alikuwa analia. "Mjomba, acha. Nimeona ulivyotaka kunisaidia. Hakuna mtu mwingine aliyejaribu. Ahsante, mjomba. Nenda nyumbani."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Funguo angeweza kuzikataa, alishazikataa dukani. Lakini hii ahsante, hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kama hicho kwa moyo mweupe. Angeweka nyundo chini, angerudi kwenye feni yake na kitanda chake, na mpwa angemkumbuka miaka saba kama mtu mwema. Kila mtu mle ndani alishamruhusu. Isipokuwa dada yake, ambaye bado alitazama mbele.

Mzee Pole akajifuta damu kwenye shati.

"Mimi sikukusaidia," akamwambia fundi. "Nyamaza nimalize."

Akasimamisha sifuri upya. Hakujaribu kuuzuia mkono. Aliuacha ucheze, akauangalia, maana kutetemeka nako kuna mwendo wake, na alipoona umepita pale anapopataka, akauachia. Ta. Akasubiri tena. Nane. Feni ya mahakama ilikuwa imezimika siku nyingi, kwa hiyo palisikika pumzi yake tu, na nyundo. Mbili. Karani aliacha kuandika. Tano.

Mkaguzi akainama na kioo chake. Alikiangalia kipande cha fundi, akakiangalia cha mzee, akachukua kile kipande cha chasisi cha kesi, akarudia. Alipoinuka, pale nyuma karibu na mlango Sindano hakuwepo tena.

"Mheshimiwa, huyu kijana anakwenda mbele. Mzee anarudi nyuma, na nane yake inalalia kushoto kama hii ya kwenye gari." Akaweka kioo mezani. "Ni mkono mmoja."

Hakimu akavua miwani yote miwili. Akafunga faili la hukumu bila kuisoma, akaamuru kesi irudishwe kusikilizwa mchana uleule, mshtakiwa apewe dhamana, na mzee ashikiliwe aandike maelezo yake.

"Unaelewa ulichokifanya?" akamuuliza.

"Naelewa, mheshimiwa. Na nyuma ya duka langu kuna ukuta. Watumeni askari haraka, msaidizi wangu aliyekuwa mlangoni pale ameondoka na funguo za gari, anawahi kuficha."

Askari akaja na pingu. Fundi alikuwa ameteremka kizimbani, kasimama kati ya mjomba wake na mlango, machozi hayajamkauka.

"Mjomba. Ulijua tangu lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo asubuhi, na dada yake, ambaye hakuijua tarehe, asingebisha.

"Tangu jioni waliyokukamata."

Fundi akamtazama kidole kile kinachovuja, kisha uso.

"Miezi minane."

"Najua."

"Hujui," fundi akasema. "Sasa ndiyo utajua."

Akampita, akamshika mama yake mkono, wakatoka. Mzee Pole akamfuata askari kuteremka ngazi za mahabusu, polepole, kwa sababu ya magoti.