Jibu Ambalo Sikulifuta

Profesa Cirimwami hakutuangusha kwa maswali yake ya kemia. Alituangusha kwa yale yaliyofuata. Ukimaliza hesabu ubaoni, anavua miwani, anaipangusa kwa tai, kisha anauliza kwa upole kama uko na hakika. Kitivo kizima kilijua maana yake: umekosea, futa haraka kabla hajaandika alama. Waliotutangulia walituachia somo hilo, nasi tukalishika kuliko kemia yenyewe.

Siku ya mtihani wa marudio wa mdomo mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, hivyo kutoka kwenye korido niliuona ubao wote. Rafiki yangu Gaëlle wa mtaa wa Nyakabiga alikuwa mbele yangu. Alipata jibu zuri kabisa. Miwani ikavuliwa, swali likaulizwa, naye akafuta kila kitu. Alitoka analia. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto.

Na mimi, Mwantum, nikianguka tena, chuo basi. Mjomba Twahiru alikwisha kuniwekea kigoda nyuma ya kaunta ya duka lake la vipuri kule mtaa wa Asiatique. Alikuwa akikifuta vumbi kila asubuhi, kwa mapenzi, jambo lililoniudhi zaidi.

Swali langu lilikuwa hili. Chombo kimefungwa, ndani mna gesi isiyo na rangi, shinikizo lake bar moja. Kila chembe yake yaweza kuvunjika ikawa chembe mbili za gesi ya kahawia, na hizo zaweza kuungana tena. Kwa joto la digrii ishirini na tisa, lile lile tuliloloa nalo jasho mle chumbani, gesi zikitulia, shinikizo la ile ya kahawia ukilizidisha kwa lenyewe, kisha ukaligawanya kwa la mwenzake, lazima upate 0,2. Je, kila gesi itatulia kwenye shinikizo gani?

Kile kinachopungua nikakiita x. Ya kwanza inabaki 1 − x, ya kahawia inakuwa 2x, maana moja huzaa mbili. Wengi wetu huichukulia x kuwa ndogo mno na kuitupa, ili kuukwepa mlinganyo wenye x mraba. Mimi niliubeba mzima. Ukanipa majibu mawili, 0,2 na hasi 0,25. La pili nikalikata bila huruma, kwa sababu hakuna gesi yenye shinikizo chini ya sifuri. Nikaandika: isiyo na rangi 0,8, ya kahawia 0,4.

Miwani ikavuliwa.

"Uko na hakika?"

Mkono wangu, msaliti huyo, ulikuwa umeshashika kitambaa cha kufutia ubao. Nikamkumbuka Gaëlle, hasira ikanirudia, na ndiyo iliyoniokoa. Nikaweka kitambaa chini, nikayarudisha majibu yangu kwenye swali: 0,4 mara 0,4 ni 0,16, gawanya kwa 0,8, unapata 0,2.

"Niko na hakika, Profesa. Hesabu inarudi pale pale."

Akavaa miwani polepole.

"Mi nauliza kila mutu vile, hata mwenye amepata. We ndiyo wa kwanza kunijibu kwa calcul."

Nilifurahi sana. Hata hivyo nikamwambia kwamba jibu la Gaëlle pia lilikuwa sahihi. Akasema aliliona, na lilimuuma likifutwa. Gaëlle arudi baada ya mwanafunzi wa mwisho, alifanye upya. Nikatoka nikawaeleza wote kwenye korido: rudisheni majibu kwenye swali, yakikubali msifute. Mchana ule hakuna aliyefuta, wala Gaëlle, wala hata mwenzetu Eddy, ambaye kwa kweli alikuwa amekosea.

Mtihani ulipokwisha nikashuka Asiatique moja kwa moja. Mjomba alikuwa na mteja. Nikamwambia nimefaulu. Akaacha kila kitu, akanikazia macho.

"Uko na hakika, mwanangu?"

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kisha nikakivuta kile kigoda, nikazunguka nacho kaunta, nikakikalia upande wa wateja.