Asubuhi ya Kuamia Ndege Kisoko

Mtu asikudanganye kwamba Kisoko ni mahali pa watu wachache. Panda kichuguu chochote, upe mgongo mwamba wa Tororo, uone mtama ulivyosimama kutoka ukingo wa kinamasi mpaka macho yachoke. Baada ya mtama kuna pamba, baada ya pamba kuna njugu, na kule chini kwenye mafunjo ng'ombe wananenepa kama wake wa machifu. Magari yaliyoleta samaki wakavu kutoka Lunyo hayakurudi matupu hata siku moja. Sasa vyote hivyo vililimwa na nani, na mashetani? Vililimwa na watu, tena watu wa kazi! Lakini mwaka ule askari wetu waliporudi kutoka Burma, serikali iliambiwa kwamba Kisoko hakuna watoto, na waliosema hivyo walikuwa mama zao wenyewe.

Abbo alikuwa mmoja wao. Mwanamke huyu ungempenda. Mrefu, mweusi wa kung'aa, jembe lake halikujua kutu, na akicheka upande huu wa bonde, upande wa pili watu wanaulizana kuna nini. Lakini tangu mwaka uliopita alikuwa hacheki sana. Binti yake Aboth alishikwa na homa wakati wa masika. Abbo na mumewe Odoi walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali ya Tororo, wakakuta maji ya kinamasi yamefunika njia. Walivuka kwa shida. Mtoto akakata roho mwamba wa Tororo ukiwa karibu kabisa mbele yao. Tangu siku hiyo Abbo alitaka kitu kimoja tu duniani, dawa iwe karibu, ili asimbebe mwingine njia ile.

Basi akaja karani wa serikali, kijana mmoja Msamia wa Lunyo aitwaye Mangeni, kaptula yake imepigwa pasi hadi inakata. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mama, una watoto wangapi?" Hakueleza sababu, wala hakuna aliyemwuliza. Jamani, huyu mtu alilelewa wapi? Kwa Wapadhola, wenyeji wa hapa, mama hahesabu watoto wake. Ukiwahesabu umekionyesha kifo mlango. Ukiulizwa, unasema una vipanya viwili tu, tena vigonjwa, kisha unabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo kina mama waliwafukuza watoto wakajifiche kwenye mtama, wakamjibu karani kama mila inavyotaka. Abbo alikuwa na sita waliokuwa hai. "Wawili," alisema, "na wenyewe dhaifu." Mangeni akaandika, akashukuru, akaenda zake.

Habari yenyewe aliileta Swaliki, dereva wa Busia, mtoto wa Kiislamu mwenye maneno mengi na gari lenye harufu ya samaki. Alisimama kwa Abbo kununua mtama wa akiba, akaupakia, akapewa kibuyu cha maziwa mala.

"Zahanati ndiyo imekwenda hivyo, mama," alisema akijifuta midomo. "Keshokutwa mimi nampeleka daktari kule Petta akaangalie kiwanja."

"Zahanati gani?"

"Ile ya serikali. Ilikuwa ijengwe hapa au Petta, palipo na watoto wengi. Sasa hapa mko wazee na kuku. Si ndivyo mlivyomwambia karani?"

Abbo aliketi chini palepale kwenye vumbi. Alichokuwa akikililia mwaka mzima kimepita mlangoni kwake, yeye mwenyewe akakifukuza kwa mdomo wake. Swaliki alimhurumia, lakini ulimi wake haukujua kupumzika. "Mficha maradhi, mama, kifo humuumbua," alisema.

"Nyamaza wewe!" Abbo akafikiri kidogo, kisha akamtazama. "Huyo daktari, unaweza kunipitishia hapa? Asubuhi sana, saa ya ndege?"

"Mzungu lazima anywe chai kwanza."

"Akainywee njiani."

Swaliki akacheka, akasema injini ya gari lake ni kama mke mdogo, inachemka inapotaka, na siku hiyo itataka kuchemkia Kisoko.

Saa ya ndege kila mtu wa Kisoko anaijua. Mtama ukiwa na maziwa, kabla jua halijatoka vizuri, kwelea wanashuka kwa maelfu, na ukilala umekula njaa. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, kile kichanja kirefu cha miti, na juu yake watoto na makombeo yao. Kila nyumba ina mlio wake wa kuamia ndege. Wa kwanza akipiga wake, wa pili anadakia, basi bonde zima linaitikia mpaka ng'ambo ya kinamasi.

Abbo alimweleza jirani yake Asekenye, Mteso aliyeolewa pale, alichokusudia. Asekenye akashika kifua. "Ukitaka kuwatangaza wako, watangaze. Wangu niachie." Usiku ule habari ikazunguka, na kila mama mwingine akawaambia wanawe: mkisikia gari, kimya.

Gari likaja likinguruma, likasimama chini ya shamba la Abbo, na Swaliki akafungua boneti akilaani kwa ustadi mkubwa. Daktari akashuka. Alikuwa Mzungu mwembamba, mpole, akifuta miwani yake. Mangeni akashuka nyuma yake. Wakatazama bonde lote, na bonde likanyamaza. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekohoa. Watoto walikuwa wamelala kifudifudi juu ya madungu kama walivyoamriwa.

Ndipo kwelea wakashuka.

Walishuka kwenye shamba la Asekenye, wakashuka kwa Abbo, masuke yakainama kwa uzito wao. Abbo alikuwa amesimama juu ya dungu lake. Aliona chakula cha mwaka kikiliwa mbele ya macho yake, na chini pale aliona daktari akianza kurudi garini. Akaogopa, kwa kweli aliogopa sana. Alijua akipiga mlio wa nyumba yake wanawe wataitikia, na chochote kinachosikiliza kitawasikia. Akajaza kifua.

"Hoo-yee! Yee-hoo!"

Kimya kikamjibu. Kisha kutoka pembeni ya shamba sauti ndogo ya mwanawe Owere ikaitikia, nyingine ikadakia, ya tatu ikapasuka katikati. Kwa Asekenye mtoto mmoja alishindwa kuvumilia kuona mtama unakwisha, akaruka na kombeo lake akipiga mlio wa kwao, na wenzake wakamfuata. Basi! Bonde likalipuka. Sauti zikapanda kutoka kwenye pamba, kutoka kinamasini, kutoka nyuma ya vilima ambavyo daktari hakujua vina njia. Kwelea wakainuka kwa pamoja wakatia giza mbinguni. Swaliki mwenyewe, aliyezaliwa mjini, alisahau injini yake. "Wallahi," alisema, "hiki kijiji ni jeshi!"

Daktari akavaa tena miwani yake. Kisha akasema jambo, na Swaliki akalitafsiri kwa sauti, maana kina mama walikuwa wamekwisha kusogea. Daktari amesikia. Angependa kujenga hapa. Lakini wakubwa wake hawawezi kujengea sauti, karani lazima aandike upya, na safari hii waseme kweli.

Kina mama walitazama chini. Mangeni alishika kalamu bila kuinua macho, labda akimkumbuka mama yake kule Lunyo.

Abbo akateremka kwenye dungu, akaja mpaka mbele ya karani.

"Andika saba," alisema.

Odoi, aliyekuwa nyuma, akashtuka. "Saba? Abbo, wako sita."

"Saba. Anza na Aboth." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Yeye muandike wa kwanza. Kifo kikija kuhesabu kwangu, kikute chake kimeshatolewa. Kisha Ochwo, Nyachwo, Owere, Akongo, Othieno, na huyu Nyafwono."

Mangeni akaandika Aboth, polepole, kwa herufi nzuri. Alipoinua macho, Asekenye alikuwa amesimama nyuma ya Abbo.

"Mimi nilizika wawili," alisema Asekenye. "Anza na hao."