Aliulizwa Kama Amebatizwa

Nasema na kina mama wenye vijana waliosoma, hasa waliosoma wakapitiliza. Mwaka wa hamsini na tisa mwanangu Ahmada alikuwa amekwisha mposa Mwanapili, binti wa Mzee Pandu, hapa hapa Micheweni, na posa ilikubaliwa. Alikuwa karani kule Weti, na jioni akimfundisha padri mmoja Kiswahili. Nilimkataza. Akaniambia padri hamsomeshi dini, wanatafuta maana za maneno tu, kwa kuwa Injili iliandikwa kwanza kwa Kigiriki.

Basi neno moja likamwingia kichwani kama homa. Baptizo. Naparuza samaki, ananieleza kuwa limetokana na bapto, yaani kuchovya, na kwamba ndivyo walivyosema Wagiriki waliotia nguo rangi. Nala, ananieleza kuwa baptizo limezidi hapo, ni kukizamisha kitu kikazama hasa. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina miyaa ya mikeka ya kutia rangi, njoo uone kuzamisha, uniache nile.

Laiti ningenyamaza. Wiki ya pili kaja na padri mwenyewe. Wakasimama uani kwangu kwenye chungu cha rangi, padri akauliza miyaa inakaa muda gani mpaka rangi ishike. Ahmada, ili amwonyeshe, akatia mikono chunguni mpaka viwikoni. Ikatoka myekundu. Jirani yangu Mize alikuwa anaanika nguo. Kabla ya laasiri mji mzima unajua mwanangu kabatizwa na padri, uani kwa mama yake.

Mzee Pandu ndiye mwadhini wetu, lakini hakuja juu. Alituita kwa heshima. Njiani nilimwambia Ahmada, utaulizwa neno moja, jibu neno moja: hapana. Akaitikia. Wanaume wakakaa barazani na kaka yangu Kificho. Mimi na Bi Mwanawema, mama wa binti, tulikuwa ndani nyuma ya pazia.

"Mwanangu," akasema Mzee Pandu, "watu wamesema mengi. Nataka nisikie kwako. Umebatizwa?"

"Mzee, hilo neno watu hulitumia bila ya kujua asili yake."

"Jibu, Ahmada," akasema Kificho.

"Ndiyo najibu, mjomba."

Akaanza na watia rangi. Akaenda kwenye vyombo vilivyozama baharini, navyo Wagiriki wakivisema kwa neno hilo. Nimeuma kanga yangu. Kisha akasema hata mlevi aliyezidiwa na mvinyo walisema kabatizwa. Mvinyo, barazani kwa mwadhini.

Bi Mwanawema akaninong'oneza, "Bi Mwatima, kwani hapana ni neno zito?"

Mzee Pandu alimngoja mpaka akamaliza. "Nimekuuliza moja, umenipa kumi, na nililouliza halimo." Akainuka. Kahawa ilikuwa bado jikoni. Asubuhi barua ya posa ikarudi.

Ahmada aliniapia hajabatizwa, na namwamini. Nikamuuliza kwa nini hakusema hivyo jana. Eti alidhani wakilielewa neno wataona wenyewe kuwa Mize kasema upuuzi.

Mwanapili ameolewa Tumbe. Wenzangu, wapelekeni watoto skuli, sisemi msiwapeleke. Lakini mtoto akiulizwa na mtu mzima, kwanza ajibu. Maelezo yake ayaweke mpaka aombwe.