Asiyetoka Jasho

Kwenye timu ya kikapu ya Mwanga, Erasto alikuwa na kazi tatu. Alishona jezi, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Alikaa benchi, kwa kuwa mbele yake walikuwepo Amosi na Yakobo. Na alitunza vibali. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomponza.

Amosi na Yakobo walikuwa ndugu wa tumbo moja, Wabembe wa ng'ambo ya ziwa, waliovuka vita vilipochachamaa kule Kongo wakapelekwa kambini. Jamani, wale watu walijua kucheza! Amosi akipata mpira, hata wapinzani walisimama kidogo waone atafanya nini. Kila Ijumaa walikuja mjini kwa kibali, karatasi moja kwa kila mtu, yenye jina, tarehe ya kurudi na muhuri wa wino wa zambarau. Jumapili jioni sharti wawe wamerudi. Mkimbizi akikutwa nje bila karatasi hiyo, alipakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo, na habari ya kutoka tena asahau.

Mwanzoni Amosi alikuwa akiweka chake kwenye soksi. Siku moja alicheza akavuja jasho, na muhuri ukageuka uji. Afisa wa kambi alimnyima kibali wiki sita, kisha akamhurumia, akamwonya kwamba mara ya pili hakuna huruma. Ndipo Selestini, nahodha, alipotoa wazo lake.

"Vibali atunze Erasto," alisema. "Yeye si hatoki jasho!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Erasto naye alicheka, angefanyaje? Akashona kimfuko cha kitambaa chenye kamba, cha kufunga kiunoni kwa ndani. Lakini neno lile lilimkaa. Akiwa kwenye cherehani, akila, akipiga mswaki, alilisikia: yeye hatoki jasho.

Tusimwonee Amosi, tuseme na hili: hakuja mjini kwa ajili ya mpira peke yake. Kila Jumapili mechi ikiisha alishuka Bangwe, mahali boti kutoka Kongo zilipotia nanga, akauliza habari za mama yao, Mariana, waliyepotezana naye siku ya kukimbia. "Mama mfupi, mkono wa kushoto una alama ya kuungua." Timu nzima iliyajua maneno hayo. Erasto aliyajua kuliko wote, kwa sababu mara mbili tatu alimsindikiza.

Basi. Mwaka huo Mwanga ikafika fainali, na fainali ikapangwa Ujiji. Na Mzee Marselino, baba yake Erasto, mkulima wa Mwandiga, akatuma salamu kwamba anakuja kumwona mwanawe akicheza. Ala! Miaka mitatu Erasto alikuwa akimwambia mzee kwamba yeye ndiye tegemeo la timu. Hakuna aliyemtuma kusema hivyo, ni ulimi tu. Sasa mzee anakuja na koti lake la Pasaka, na atamwona tegemeo la timu likigawa maji.

Jumapili asubuhi walipanda pikapu ya kuazima, wachezaji saba na mipira miwili. Kabla ya kuingia Ujiji wakakuta kizuizi, kwa maana siku hizo misako ya wageni ilikuwa haikatiki. Askari akawatazama mmoja mmoja.

"Nyie wawili mmetoka wapi?"

"Kambini, afande," Amosi alijibu bila wasiwasi. "Vibali tunavyo."

Wote wakamgeukia Erasto. Kimfuko kilikuwa tumboni pake, kinamgusa kitovu. Ilikuwa ainue jezi tu, basi.

"Lo! Nimevisahau," alisema. "Viko kwenye droo ya cherehani."

Neno hilo lilimtoka kama chafya. Naapa hakulipanga. Hata yeye alishtuka kulisikia.

Askari hakuwa mtu mbaya. Alisema hao wawili watabaki pale kituoni, na kwamba lori la kambini linaondoka saa nane. Vibali vikifika kabla ya hapo, wataachiwa. Dereva wa pikapu akajitolea kuvifuata mara moja. Na hapo, wee, hapo ndipo Erasto alipojiharibia. Alimwambia dereva kwamba mwenye duka yuko kanisani na funguo zake, na hatafungua mpaka saa sita.

Neno la kwanza lilimtoka. Hili la pili alilitunga, akalipanga, akalisema huku akimtazama mtu machoni. Moyoni alijiambia kwamba ni muda wa saa mbili tu. Mechi saa nne, itaisha kabla ya saa sita, atakuja mbio na vibali, na hakuna atakayeumia.

"Nendeni mucheze," Amosi aliwaambia wenzake. "Era atavileta. Namuamini."

Yakobo alimkazia macho Erasto, kisha akashuka garini.

Walibaki watano, bila hata mtu mmoja wa akiba. Vijana wa Ujiji walipowaona waliwacheka waziwazi. "Nyota wenu wako wapi? Mmetuletea fundi cherehani na muuza dagaa?" Muuza dagaa ni Feliksi, naye alikuwa na hasira za karibu. Kwa dakika kumi za kwanza walipigwa kama ngoma, kumi na nne kwa nne.

Selestini akaomba mapumziko. "Sikilizeni," alisema, "tunatafuta mtu wa kumpa mpira atuokoe, na mtu huyo leo hayupo. Kila mmoja aguse. Usiukumbatie."

Wakaanza kuugusa-gusa ule mpira, huku na huku, mpaka Ujiji wakachoka kuufukuza. Feliksi akafunga, akafunga tena. Na Erasto, Erasto aliyekaa benchi miaka mitatu akimtazama Amosi, kumbe miili hujifunza kwa macho! Alijua Amosi anageukia bega gani, anasita wapi, anaachia mpira lini. Akageuka hivyo hivyo, akaachia hivyo hivyo. Ukaingia. Pembeni akasikia sauti ya mzee ikipiga kelele, "Huyo ni wangu! Huyo ni wangu!"

Alifurahi, mtu asiwadanganye. Alifurahi mpaka wakati wa mapumziko, alipojifuta tumbo na mkono ukakuta kimfuko kimelowa chepechepe.

Hapo akili ikamrudi. Yeye asiyetoka jasho alikuwa anatiririka. Akivue wapi? Mbele ya nani? Selestini alikuwa amekaa karibu naye, anampigapiga mgongoni, anamwita mwanaume. Erasto angeweza kusema. Ningependa kuwaambia kwamba alisema. Alifunga kamba za viatu, akarudi uwanjani.

Kipindi cha pili kila alipokimbia kimfuko kilimganda. Kila uwanja uliposhangilia aliona aibu, na aliendelea kucheza vizuri, na hilo lilimuumiza zaidi. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Ujiji wakiongoza kwa pointi moja, alimpasia Feliksi chini ya pete, Feliksi akafunga. Filimbi. Watu wakavamia uwanja.

Mzee Marselino alimshika mwanawe kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Leo nimekuona kwa macho yangu," alisema. "Mama yako angekuwepo!" Kisha akamtazama chini. "Umeumia? Jezi yako imekuwaje?"

Kwenye jezi nyeupe, chini ya namba aliyoishona mwenyewe, kulikuwa na doa la zambarau.

"Sijaumia, baba," Erasto alisema, akachomoka. Aliazima baiskeli, akaikanyaga mpaka kituoni bila kuhisi miguu.

Saa nane ilikuwa bado, lakini watu walikuwa wameshajaa nyuma ya lori, nalo limeshawashwa. Amosi na Yakobo walikuwa ukingoni. Erasto akamkabidhi askari kimfuko. Askari alichambua karatasi zile zilizogandana, akazifungua kwa ncha za vidole. Hapakuwa na jina, hapakuwa na tarehe. Palikuwa na rangi tu.

"Muhuri uko wapi?" askari aliuliza. "Na wewe asubuhi si ulisema viko kwenye droo? Ulivifua?"

"Nilikuwa navyo tumboni, afande. Tangu asubuhi." Alisema kwa sauti kubwa, ili nyuma ya lori wasikie. "Nilidanganya. Nilitaka kucheza. Kosa ni langu, nipeleke mimi."

Askari alitikisa kichwa. "Mimi nasoma muhuri. Wewe nikupeleke wapi?"

Yakobo alitema mate chini, akageuka. Amosi hakugeuka. Aliitazama ile jezi, na lile doa.

"Mulishinda?" aliuliza.

"Tulishinda."

"Ulifunga ngapi?"

"Kumi na moja."

Amosi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu. "Leo umetoka jasho, Era." Hakusema kwa kejeli, na afadhali angekejeli. Lori lilipoanza kusogea aliinama ukingoni. "Boti zinafika saa kumi. Anaitwa Mariana. Mkono wa kushoto..."

"Najua, ndugu yangu."

"Basi nenda. Sina mwingine wa kumtuma."

Mwandiga walikuwa wanachinja jogoo kwa ajili yake. Erasto alikwenda Bangwe. Alisimama ufukweni na jezi ile ile, na boti ya kwanza ilipofika alimfuata kila mwanamke aliyeshuka, akamwamkia, akauliza: mama mfupi, mkono wa kushoto una alama ya kuungua. Hakuna aliyemjua. Mwisho akashuka bibi mmoja na furushi kichwani, akamsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Ni mama yako?"

"Hapana, bibi," Erasto alisema. "Ana wanawe wawili. Walikuwa waje wenyewe leo. Mimi ndiye niliyewazuia."

Erasto akampokea bibi furushi, akamvusha tope, akarudi majini kungoja boti ya pili.