Vipande Kumi na Viwili vya Alcide

Alcide Fontenette aliniambia habari ya meno yake Ijumaa saa sita mchana, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za studio, Mtaa wa Dryades, tunakula mikate iliyojazwa chaza wa kukaanga. Yeye alikuwa anakula chaza na sehemu laini ya ndani ya mkate tu. Maganda magumu ya mkate alikuwa anayapanga pembeni kwenye karatasi.

"Jumatatu naenda kwa daktari," akasema. "Yanatoka yote ya mbele. Juu na chini."

"Yote, kaka?"

"Fizi zimeoza, Octave. Nikipuliza, saksafoni inajaa damu. Leo ndiyo mwisho wangu wa kurekodi."

Sisi watu wa New Orleans jambo zito hatulikabili hivi hivi, lazima kwanza tulitanie. Nikamwambia, "Afadhali umechagua Jumatatu. Mji mzima unapika maharage mekundu, hata kibogoyo anashiba."

Akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Kisha akaacha kucheka. "Usimwambie mtu, mdogo wangu. Sitaki kuonewa huruma. Nataka vipande vyangu kumi na viwili tu, nivipige vizuri, nikae chini."

Nyimbo zetu zilikuwa hivi. Mwimbaji anaimba beti mbili, anapumua, na hapo katikati saksafoni inaingia kwa vipande kumi na viwili, kila kipande mapigo manne. Hata nusu dakika haifiki. Piano inakimbiza mkono wa kushoto, besi inatembea, na mimi kwenye ngoma nakandamiza pigo la pili na la nne, pale pale ambapo mama yangu na wenzake walikuwa wanapiga makofi kanisani. Juu ya hayo yote Alcide alikuwa ananguruma, analia, anakwaruza sauti mpaka mtu aliyekaa anajikuta amesimama. Alikuwa amepiga hivyo kwenye santuri kama arobaini. Jina lake halikuandikwa hata kwenye moja, lakini mtaani kwetu mwanamke alikuwa anaweza kuinua kichwa kwenye beseni la kufulia, redio ya jirani inaimba, akasema, "Huyo Alcide." Mke wake Eulalie alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na watoto hawakujaliwa. Hakuwa na kingine cha kuacha duniani.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye maikrofoni moja katikati. Mwaka ule wa hamsini na saba hapakuwa na habari ya kurekebisha baadaye. Anayetakiwa kusikika anasogea mbele, anayetakiwa kupungua anarudi nyuma, na mmoja akikosea pigo moja wote tunaanza upya. Kwa hiyo mahali pako pa kusimama ndipo palipokuwa cheo chako. Kwa miaka minane cheo cha Alcide kilikuwa hatua moja kutoka kwenye maikrofoni.

Siku ile Bwana Sturgis, mzungu wa kampuni ya santuri aliyekuja kutoka Kaskazini, alikuwa amekuja na kijana wa Texas anayeitwa Huland na gitaa lake la umeme. Sikuweza hata kumchukia Huland. Alikuwa na adabu, anamwita Alcide mzee, na anapiga vizuri kweli.

Mara ya kwanza tulipourekodi wimbo, Alcide alipiga vipande vyake vyote, tena kwa utamu. Bwana Sturgis akasema kutoka nyuma ya kioo, "Safi. Lakini Alcide, rudi nyuma hatua mbili. Huland, sogea."

Mara ya pili walipiga wote wawili, wakagongana. "Alcide, hatua mbili tena."

"Bwana Sturgis, ukinirudisha tena nitakuwa nimefika nyumbani kwangu," Alcide akasema. Mpiga piano akacheka kidogo, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza.

Bwana Sturgis alijibu bila ubaya wowote. "Watoto wanaonunua santuri siku hizi wanataka gitaa. Saksafoni ni ya baba zao." Akatupa dakika kumi tupumzike.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilimwona Alcide ameegemea ukuta, anaufuta mdomo wa saksafoni kwa kitambaa, halafu anakikunja haraka ili wekundu usionekane. Moyo ukanishinda. Nikaingia chumba cha kioo nikamweleza Bwana Sturgis kila kitu: fizi, daktari, Jumatatu. Nilidhani akijua kwamba hii ni mara ya mwisho atampa ile nafasi, angalau kwa wimbo huu mmoja. Wazungu wana huruma zao, nikajiambia.

Na alikuwa nayo. Alivua miwani, macho yakamlegea. "Maskini," akasema. "Ungeniambia asubuhi, Octave."

Akatoka, akamshika Alcide bega mbele ya watu wote. "Nimesikia habari ya meno. Pole sana. Siwezi kukuacha ujiumize hapa kwangu. Huland atachukua pale katikati."

Alcide hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nimewahi kutukanwa na mkwe wangu, na polisi wa mji huu, na padri mmoja, lakini sijapata kutazamwa hivyo.

"Siumwi mimi," akasema. "Nipe mara moja tu."

"Najua unaweza. Basi simama kule nje ukumbini, mlango uwe wazi, utupigie kwa nyuma." Alisema kama mtu anayempa mtoto sufuria na mwiko ili asilie.

Alcide akaenda. Angeweza kuifungasha saksafoni yake akaondoka na heshima yake, ningemwelewa. Alienda kwa sababu vile vipande kumi na viwili vilikuwa bado havijapigwa.

Tukaanza mara ya tatu. Tulipofika katikati, gitaa la Huland likaingia kali, na kutoka ukumbini ikaja saksafoni. Ilikuja nzito, imepasuka, imechoka, na ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kumsikia akipiga. Huland mwenyewe aligeuza shingo kutazama. Fundi wa mitambo akainua mkono, tukaacha.

"Sauti ya saksafoni inavuja, inalifunika gitaa," akasema.

Bwana Sturgis akatazama saa. Saa kumi mwimbaji mwingine alikuwa anaingia. "Octave, wewe uko karibu. Sukuma huo mlango ufunge."

Ningeweza kukataa. Nina watoto wanne, na mji huu una wapiga ngoma wengi kuliko nguzo za taa, na siku ile hesabu hiyo ilinipita kichwani haraka mno. Nikainuka. Alcide alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mlangoni, saksafoni iko mdomoni bado, na damu imeshuka mpaka kidevuni.

"Kaka, nilidhani nikimwambia…"

"Najua ulichodhani." Alisema taratibu, kwa sababu midomo ilikuwa inamuuma. "Funga. Wenzako wanakusubiri."

Nikafunga, nikarudi kwenye ngoma zangu.

Mara ya nne tulifika katikati, na mimi peke yangu, kwa vile nilikuwa karibu na mlango, nikajua kwamba anapiga. Alikuwa anapiga vyote, tangu kipande cha kwanza. Kwenye pigo la kwanza nilikuwa namsikia, mbali, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya tatu. Kwenye la pili fimbo yangu inamfunika. La tatu, yupo. La nne, hayupo. Ningekosea pigo moja tu, wote wangesimama, mlango ungefunguliwa, ningesema neno, sijui neno gani. Nilihesabu vipande vyote kumi na viwili nikiwa na nafasi hiyo mkononi. Bwana Sturgis akanyoosha kidole juu kwenye kioo, maana yake piga kwa nguvu zaidi, nami nikapiga kwa nguvu zaidi.

Nilipofungua mlango, ukumbi ulikuwa mtupu. Jumatatu meno yakatolewa. Sikwenda kumwona, sikuwa na uso wa kumtazama, na yeye hakuniita.

Hiyo mara ya nne ndiyo iliyotoka kwenye santuri. Inapigwa kila mahali. Mpaka leo watu hunisimamisha barabarani kunipongeza kwa ngoma zile, namna pigo la pili na la nne linavyokita bila kukosea hata mara moja, na mimi huwaambia ahsante.