Mikono ya Mzee Zabron

Picha ya kwanza ilionyesha mfupa wa paja uliokatika katikati na, kwenye ukingo wa juu, mifupa ya vidole vinane. Vilikuwa vya Mzee Zabron, mkulima wa milimani Kilosa, aliyegongwa na lori akiwa kwenye pikipiki pale njia panda ya Mikumi. Alikuwa amekishika kitenge cha mkewe kinenani kwa mikono miwili. Vaileth, mpiga eksirei, alimwamkia, akaona haya kumwambia aiondoe mikono, akapiga hivyo hivyo.

"Yatosha," alisema Daktari Filipo. "Hata mwanangu wa chekechea angeuona mvunjiko huu. Gari linasubiri kwenda Morogoro."

"Nyonga haimo pichani, daktari."

"Mzee anasema nyonga haimuumi."

"Paja linapiga kelele vile, nyonga ataisikiaje? Tazama goti."

Goti lilikuwa limechanika lilipogonga bampa la lori. Pigo la gotini hupanda na mfupa. Likikata paja, huweza kupasua na shingo ya mfupa huo huo, ndani ya nyonga. Mpasuaji asiyejua akipigilia fimbo ya chuma kutoka juu, ufa huachana, kichwa cha mfupa hukosa damu na kufa. Shamba la Zabron lilikuwa mteremkoni. Bila nyonga asingelifikia tena.

Vaileth alirudi chumbani.

"Baba, nilikosea. Narudia picha, na mikono ikae kifuani."

"Binti, wewe ni sawa na mwanangu Agnesi. Nguo haivuliwi hapa."

"Haivuliwi. Kitenge kinabaki. Eksirei inapita kwenye kitambaa; inayoziba ni mikono yako."

"Mbona hukusema mwanzo?"

"Nilikuheshimu kupita kiasi."

Mzee alicheka, maumivu yakamkatiza. Mikono ikapanda kifuani.

Picha ya nyonga kutoka mbele haikuonyesha ufa. Daktari Filipo alitazama saa. Vaileth hakubishana: aliuinua mguu ule mwingine, usiovunjika, akakaza kitenge, akapiga kutoka ubavuni. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, ukikata shingo ya mfupa.

Daktari aliichana barua ya rufaa na kuandika nyingine: mivunjiko miwili, mguu mmoja.

Morogoro walianza na nyonga, kwa skrubu tatu. Ndipo wakalifuata paja, kwa fimbo iliyoingizwa kutokea gotini.

Miezi minane baadaye Zabron alikuja kwa picha ya mwisho, bila mkongojo. Alikuwa amelima upande wote wa juu wa shamba. Ufa haukuonekana tena, na Vaileth aliitazama picha ile muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Nje, mzee aliwahutubia waliokuwa kwenye foleni:

"Mikono kifuani, nguo inabaki! Huyu binti ndiye aliyeiona nyonga yangu kabla yangu mimi mwenyewe."

"Baba," Vaileth alisema mlangoni, "anayefuata amevunjika mkono."

"Basi aweke huo mwingine."

Akaaga, akaita bodaboda, akaurusha mguu ule ule juu ya kiti.