Mifupa ya Kando ya Mulongwe

Nilikuwa nimepiga magoti shimoni, nikiyasafisha kwa mswaki meno ya mwanamke aliyekufa miaka mia nane iliyopita, mdogo wangu aliponipigia simu kutoka kwetu Uvira.

"Yaya, mayi inakula makaburi," Hyacinthe alisema; Yaya ni mimi, mkubwa wake. Nyuma yake mto Mulongwe ulikuwa ukinguruma. "Kwa kaburi ya mama imebakia hatua kumi. Minye mwenyewe na jirani Franck tuko na majembe. Tumutoe leo?"

Ilikuwa Aprili, kusini mwa Ufaransa, baridi ya kukata masikio. Mimi, mwalimu wa historia wa mtaa wa Nyamianda, wa kwanza kupanda ndege katika ukoo wetu, nilikuwa nimekwenda kujitolea wiki sita kwenye makaburi ya kale yaliyogunduliwa chini ya shamba la mizabibu. Tulikuwa watu kutoka nchi kumi, tunafukua kwa vijiko na vijiti. Kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo tulifundishwa sheria: mfupa haunyanyuliwi mpaka upigwe picha, uchorwe, upewe namba. Ukiunyanyua ovyo ovyo, umemuua marehemu mara ya pili. Mkuu wa machimbo alilisema hilo kila asubuhi, nami nililimeza bila kutafuna.

Basi nikamjibu mdogo wangu kwa sauti ya darasani. Aibu ya jibu lile inanichoma hadi leo.

"Usimuguse! Mutamuvunja na majembe. Mungoje minye nifike, tutamutoa muzuri, mufupa kwa mufupa."

"Lakini, Yaya, mvua..."

"Hyacinthe, weye unajua nini ya hii kazi?"

Hyacinthe ni dereva wa pikipiki, anabeba watu Uvira hadi Luvungi. Aliacha shule darasa la sita ili mimi niendelee, na tangu hapo, nikitamka neno, yeye hulifuata. "Sawa," akasema. "Weye njo mwenye ulisoma."

Nikarudi kwenye meno yangu. Zilikuwa zimebaki siku tisa nirudi nyumbani. Mama alikuwa amelala kando ya mto miaka kumi na mmoja. Siku tisa zaidi, nilijiambia, zitamfanya nini?

Siku ya nne mvua ikapiga milimani juu ya mji. Mto ukashuka na mawe, ukang'oa ukingo mzima na safu mbili za makaburi, ukavimwaga vyote ziwani. Hyacinthe hakupiga simu. Alituma picha: maji ya udongo tu. Mkuu wa machimbo alinikumbatia, akaniuliza kama ningependa kupumzika alasiri ile. Walikuwa watu wema, siwezi kuwasema vibaya. Sikupumzika. Nilimaliza mkono wa kushoto wa yule mwanamke, mifupa ishirini na saba, kila mmoja katika mfuko wake, kila mfuko na namba. Hakuna hata mmoja uliopotea, na walinisifu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Hyacinthe mahali Mulongwe unapoingia ziwa Tanganyika, anachimbachimba mchanga kwa mikono. Nusu ya mtaa ilikuwa pale na mabeseni. Alikuwa amekonda, kucha zimekatika. Laiti angenitukana! Alinisalimu kwa heshima, akaniketisha juu ya jiwe, akafungua kitenge cha mama. Ndani mlikuwa na mfupa wa paja na wa nyonga.

"Nilizipata karibu na musalaba yake," akasema. "Angalia, Yaya. Ni mama?"

Sikuhitaji hata kushika. Nyonga ya mwanamke ni pana, na mama alizaa watoto saba. Hii ilikuwa nyembamba, nzito, na paja lile lilikuwa la mtu mrefu sana. Mama alikuwa ananifikia begani. Nikainua macho, nikamwona jirani yetu, Florentine, amesimama na beseni lake, ananitazama mdomo wazi. Mumewe, marehemu Bonaventure, alizikwa safu moja na mama, kaburi la tatu. Mtu yule, kwa urefu wake, alikuwa anainama kwenye kila mlango.

Hyacinthe alikuwa ameshika ncha ya kitenge kwa mikono miwili.

"Ni yeye," nikasema. "Ni mama."

Akaanguka kifudifudi mchangani, akalia, Mungu wangu, alivyolia! Alinishika miguu akinishukuru. Florentine akaweka beseni chini, akaja kumwinua, akampangusa uso kwa khanga yake, na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo wa kanisani. Tulizika kesho yake mlimani, mbali na maji. Florentine alitupikia bugali na samaki wa kulisha wafiwa wote.

Baada ya kula alinivuta pembeni. "Mwalimu, na minye nikipata kitu, utaniangalilia?"

"Ndiyo, mama," nikamjibu.

Mwaka wa pili huu. Kila Jumamosi Hyacinthe anapanda kule mlimani kupalilia, na kila Jumamosi nabuni sababu ya kubaki nyumbani. Florentine bado anateremka ziwani na beseni lake. Juzi aliniletea kitu kimefungwa vizuri ndani ya kitambaa cheupe. Ulikuwa mfupa wa mbuzi.

Nilimwambia si yeye, aendelee kutafuta.